Álora na korongo la El Chorro: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ni yaleyale kila msimu. Mlango wa Caminito del Rey, ile njia ya mbao iliyopachikwa kwenye ukuta wa korongo, uko wapi? Naweza kwenda bila gari? Siku moja inatosha? Nitakula nini kama sili nguruwe? Nayajibu yote hapa kwa mkupuo mmoja, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku.

Álora ni mji mdogo wa wakulima kwenye bonde la mto Guadalhorce, kusini mwa Hispania, kama kilomita 40 kutoka Málaga. Wakazi ni elfu kumi na tatu hivi, na uchumi wao ni malimau, machungwa na zeituni. Wageni wengi huuona mji huu kupitia kioo cha gari wakikimbilia Caminito del Rey, kisha jioni hao wanarudi kulala pwani. Mimi nakushauri kinyume. Lala Álora usiku mitatu. Amka na wakulima, jifungie ndani mchana wanapojifungia wao, na utoke tena jua likilegea. Ratiba yoyote inayopingana na saa zao itakukutanisha na milango iliyofungwa, na kwenye miezi ya joto itakukaanga bure.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi kabla hujalipia chochote kisichorudishiwa pesa:

- Viza ya Schengen, kama unasafiri kwa pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi. Bima ya safari inayotakiwa kwa viza hiyo haipungui yuro 30,000. Unayeishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen, kibali chako cha kuishi pamoja na pasi vinatosha. Unayeishi Uingereza soma kwa makini: kibali cha Uingereza hakikuingizi Hispania. Ukiwa na pasi ya nyumbani, unahitaji viza kama mtu aliyetoka Dar.
- Pasi yenyewe, si picha yake kwenye simu. Hoteli na nyumba za wageni Hispania hulazimika kisheria kuandikisha kila anayelala, na tiketi ya Caminito nayo huenda na kitambulisho.
- Viatu vilivyofungwa, vyenye soli inayoshika. Raba nzuri zinatosha. Kandambili na sendo ziache chumbani.
- Chupa za maji za jumla ya lita 2 kwa kila mtu, kofia, losheni ya kukinga jua. Rangi ya ngozi haikuondolei kiharusi cha joto.
- Koti jepesi la upepo, hata mwezi wa Aprili. Ndani ya korongo kuna baridi ambayo mjini huisikii.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Mtandao hukatika ukiwa katikati ya majabali.
- Noti ndogondogo za yuro, kwa ajili ya basi na mikahawa ya pembezoni.
- Leseni ya udereva pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, kama utakodi gari. Kibali hicho hutolewa nchini mwako kabla ya safari, ukishafika umechelewa.

Jambo moja la saa, kwa sababu sisi tunahesabu kivyetu: tiketi yako itaandikwa 10:30, maana yake ni saa nne na nusu asubuhi. Wapo walioisoma kama saa kumi na nusu, wakafika jioni. Saa zote kwenye mwongozo huu ni za Kiswahili.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Machi hadi Mei, na katikati ya Septemba hadi Novemba, ndiyo miezi ya kwenda. Masika ya kwao malimau yanachanua na bonde zima linanukia. Septemba wanachuma zeituni zikiwa bado mbichi.

Julai na Agosti epuka ukiweza. Joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na siku upepo mkavu wa bara wanaouita terral unapovuma, hata kivuli hakisaidii. Usidhani kwa kuwa umekulia Tanga au Mombasa utalimudu. Joto letu lina unyevu na upepo wa bahari. Lile ni la tanuri. Desemba hadi Februari hali ni njema kwa kutembea na kupanda miamba, ila mvua inaweza kukufungia Caminito, na jua huzama mapema, karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni.

Kama tarehe zako zinaweza kusogea, lenga Ijumaa Kuu au mwanzo wa Oktoba. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, kwenye uwanja wa chini wa mji, sanamu ya Yesu na ya Bikira Maria hubebwa mabegani kutoka pande mbili na kuinamishwa mara kadhaa kama wanaoagana. Sherehe hiyo huitwa La Despedía na mji wote hujaa. Oktoba ni siku ya sopas perotas, chakula cha mji, na hugawiwa mitaani.

Hatua ya 2: Kata tiketi ya Caminito, kisha ndipo upange mengine

Watu hukata ndege, hoteli na gari, halafu ndipo wanagundua Caminito imejaa wiki nzima. Anza na hii.

Tiketi huuzwa kwenye tovuti rasmi ya Caminito del Rey. Hufunguliwa kwa mafungu, miezi michache kabla, na za mwisho wa wiki huisha upesi. Kwa miaka mingi bei imekuwa yuro 10 ya kawaida na 18 yenye kiongozi. Angalia ya sasa kabla ya kulipa. Jumatatu njia hufungwa. Watoto chini ya miaka 8 hawaingii kabisa, na hilo halina mjadala getini, hata mtoto awe mkubwa wa umbo. Kama mna mdogo, mmoja wenu abaki naye kwenye mabwawa (Hatua ya 6).

Chagua saa ya asubuhi. Korongo lina kivuli zaidi, na ukimaliza unawahi chakula cha mchana.

Unapokata tiketi, ongeza na ya basi la kuunganisha kama inatolewa hapohapo. Sababu yake iko Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Fika Álora

Kutoka Afrika Mashariki utaunganisha ndege mahali fulani. Istanbul ni njia rahisi kwa kuwa kutoka huko kuna ndege hadi Málaga yenyewe.

Bila gari: uwanja wa ndege wa Málaga una stesheni yake. Panda treni ya C1 kuelekea mjini, shuka Victoria Kent au María Zambrano, ubadilishe uingie C2. Hii C2 mwisho wake ni Álora. Huwezi kupitiliza.

Stesheni ya Álora iko chini mtoni, mji uko juu kilimani. Mlima huo na sanduku la magurudumu haviendani. Piga simu ya teksi au muombe mwenye nyumba akupokee. Mwambie mapema utafika saa ngapi, maana teksi za mji huu hazikai foleni zikikusubiri.

Kwa gari: ni mwendo usiofika saa moja. Ukikaribia mji, usiifuate simu ikikuambia ukate kona kuingia mji wa juu. Mitaa pale ni ya punda, na ipo ambayo vioo vya pembeni havipiti. Egesha kwenye barabara pana za chini, malizia kwa miguu.

Gari linahitajika? Kwa Caminito na mji, hapana. Kwa mabwawa, magofu ya Bobastro na pango la Ardales (Hatua ya 6 na 7), ndiyo, au uwe na bajeti ya teksi.

Hatua ya 4: Jioni ya kwanza, panda ngomeni

Usijaribu kufanya mengi siku ya kufika. Subiri jua lipungue, kisha panda kilima cha Las Torres hadi kwenye ngome ya Waarabu. Wafalme wa Kikatoliki, Isabella na Ferdinand, waliiteka Juni 1484, miaka minane kabla Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu Hispania, haijaanguka. Magofu yenyewe utayamaliza kwa nusu saa. Kilichokupandisha ni mandhari: bonde zima la Guadalhorce liko miguuni, safu za malimau na machungwa kando ya mto, mizeituni ikipanda miteremko mikavu. Kutoka hapo utaelewa jiografia ya siku zako zote zinazofuata. Majabali ya kijivu upande wa kaskazini ndiko kesho utakuwa.

Shukia uwanja wa chini, penye kanisa la Encarnación. Ni kubwa kupita mji wake, na watu wa hapa hawachoki kukuambia kwamba katika mkoa linazidiwa na kanisa kuu la Málaga tu.

Hatua ya 5: Siku ya Caminito

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nakwenda taratibu.

Caminito del Rey ni njia ya mbao iliyopachikwa kwenye ukuta wa genge, juu ya mto, ndani ya korongo la Gaitanes. Ya kwanza ilijengwa kati ya 1901 na 1905 na kampuni ya umeme wa maji, ili wafanyakazi wapite kati ya maporomoko mawili wakibeba vifaa na kutunza mfereji. Mwaka 1921 Mfalme Alfonso XIII aliipita alipokuja kuzindua bwawa, na jina likamfuata. Baadaye iliachwa ikaoza. Watu walikufa humo mwaka 1999 na 2000, ikafungwa, ikajengwa upya na kufunguliwa Machi 2015. Kwa hiyo video za kutisha za watu wanaotambaa juu ya vyuma vitupu ni za zamani. Ya sasa ina mbao imara na kamba za chuma za kushikilia. Mabaki ya ile ya kale utayaona pembeni na chini yako muda wote.

1. Elewa mwelekeo. Njia hupitwa upande mmoja tu: unaingia kaskazini, upande wa kijiji cha Ardales karibu na mabwawa, unatokea kusini, kwenye kitongoji cha El Chorro. Treni inakuleta El Chorro, yaani mlango wa kutokea. Kila wiki kuna watu wanashuka treni wakiwa na dakika ishirini mkononi wakidhani wamefika.

2. Chukua basi la kuunganisha. Linatoka karibu na stesheni ya El Chorro kwenda juu upande wa kaskazini, safari ya dakika ishirini hivi. Mwenye gari naye ni heri aegeshe El Chorro na kupanda basi kwanza. Ukiegesha juu, utamaliza umechoka na bado usimame foleni ya basi la kurudi.

3. Kutoka Álora hadi El Chorro: treni za masafa ya kati zinazosimama hapo ni chache kwa siku, na C2 haifiki. Kama saa za treni hazikutani na tiketi yako, teksi ni kilomita kumi na kitu tu.

4. Ongeza muda wa kutembea. Basi halikushushi getini. Kuna njia mbili za mguu hadi kwenye kibanda cha ukaguzi: fupi ya kama kilomita 1.5 na ndefu ya kama 2.7. Saa iliyo kwenye tiketi ni ya kibandani. Kwa hesabu yangu, uwe kwenye basi saa moja na nusu kabla.

5. Maliza haja kabla ya kuingia. Ndani utatembea saa kadhaa.

6. Chukua kofia ngumu, uivae mpaka mwisho. Ni lazima. Mawe huanguka, mara nyingine yakirushwa na mbuzi-mwitu walio juu. Mabegi makubwa hayaruhusiwi.

7. Tembea. Kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na njia za kuingilia na kutokea, ni kama kilomita 7.7, na kilomita 2.9 kati yake ndizo za mbao. Utaanza na korongo jembamba la Gaitanejo, ambako maji na jiwe vimekaribiana mno. Kisha linafunguka bonde la Hoyo lenye misonobari, na hapo tazama juu: tumbusi wakubwa wanazunguka bila kupiga bawa. Hapa ndipo pa kunywa maji na kupumzisha macho. Mwisho kabisa ni Gaitanes yenyewe, penye kibaraza cha kioo na daraja linaloning'inia zaidi ya mita 100 juu ya mto. Daraja linatikisika. Limejengwa hivyo.

8. Ukivua kofia, hujamaliza. Bado kuna mwendo wa kama kilomita 2 hadi stesheni, mwingi wake juani. Usimalize maji yako darajani.

Angalizo: reli ya Málaga kwenda Córdoba hupita ndani ya majabali hayahaya, na zamani watu walikatiza kwenye mahandaki yake. Ni marufuku, faini ipo, na treni zinapita kweli.

Hatua ya 6: Mabwawa

Baada ya Caminito miguu haitaki tena kupanda, kwa hiyo mchana wa siku hiyo au asubuhi ya kesho yake peleka kwenye maji. Bwawa la Conde de Guadalhorce, lililojengwa na mhandisi Rafael Benjumea, lina maji ya kijani ya kung'aa yaliyozungukwa na misonobari. Unaweza kukodi kayaki kwa saa. Kuogelea hufanyika sehemu zilizotengwa. Usiruke kutoka kwenye mwamba, maana kina hupanda na kushuka kulingana na mvua za mwaka. Karibu na ukuta wa bwawa kipo kiti cha mawe na meza ambako mfalme alitia saini mwaka 1921. Kila mtu hupiga picha amekikalia. Piga na wewe.

Moto wa kuchoma nyama porini umepigwa marufuku jimbo zima la Andalusia, ambamo Álora imo, kuanzia 1 Juni hadi 15 Oktoba. Chukua chakula kilichokwisha kupikwa.

Hatua ya 7: Bobastro na pango la Ardales

Kama ningelazimishwa kuacha kimoja kwenye orodha hii, nisingeacha Bobastro. Wageni wengi huipita bila kujua.

Mwishoni mwa karne ya 9 Andalusia ilitawaliwa na maemiri wa Córdoba. Karibu mwaka 880 Umar ibn Hafsun, mzaliwa wa familia ya Wahispania waliosilimu, aliasi na kujichimbia kwenye milima hii. Mwaka 899 akabadili dini akawa Mkristo, jambo lililompunguzia wafuasi Waislamu. Akafa 917 Bobastro ikiwa bado mikononi mwake, wanawe wakaendelea mpaka 928, Abd al-Rahman III alipoingia Bobastro. Maiti ya Ibn Hafsun ilifukuliwa na kutundikwa Córdoba. Mwaka uliofuata, 929, Abd al-Rahman akajitangaza khalifa.

Kilichobaki ni kanisa lililochongwa ndani ya mwamba mmoja, si la kujengwa kwa mawe, bali la kuchimbwa. Matao yake ni ya kwato ya farasi, kama ya misikiti ya wakati ule. Halikumalizika.

Kufika: toka El Chorro kwa barabara inayopanda kuelekea Ardales, fuata kibao cha Bobastro, egesha, kisha tembea kwa miguu msituni kidogo. Kuna kiingilio kidogo na saa za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ulizia siku moja kabla. Kutoka Bobastro barabara hiyohiyo inaendelea juu hadi kwenye bwawa la mlimani lenye mandhari ya pande zote.

Pango la Ardales ni la wenye kupanga mapema. Lilijulikana mwaka 1821 tetemeko la ardhi lilipofungua mdomo wake. Ndani kuna michoro ya wanyama ya watu wa kale, na alama nyekundu ambazo watafiti mwaka 2018 walisema zina zaidi ya miaka 64,000, maana yake zilipakwa na Neandertali, jamii ya watu wa kale waliokwisha kutoweka, kabla ya binadamu wa sasa kufika sehemu ile. Wapo wataalamu wanaobisha. Unaingia kwa kuongozwa tu, kikundi kidogo, kwa nafasi iliyowekwa siku nyingi kabla. Ukikosa, kituo cha wageni kijijini Ardales kinakupa picha ya kutosha.

Hatua ya 8: Kutembea milimani na mashambani

Kwa anayeanza: El Hacho, mlima ulioegemewa na mji wa Álora. Unaanza nje ya mlango wako alfajiri na kurudi kunywa kahawa.

Kwa mwenye mapafu: Escalera Árabe, ngazi za mawe zilizo juu ya El Chorro. Zinakupandisha kwenye kingo za juu za majabali, mbali na watu wa Caminito. Nenda na maji yote uliyo nayo. Huko juu hakuna duka.

Mashambani, sheria ni hizi:

- Njia zenye alama nyekundu na nyeupe ni njia ndefu za taifa, ziko wazi kwa wote. Alama ya msalaba wa X maana yake umepotea njia.
- Machungwa yaliyoanguka chini yana mwenyewe. Usiokote, omba. Ukiomba, mara nyingi utajaziwa mfuko.
- Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge. Ulilolikuta wazi, liache wazi.
- Kibao cha mstatili nusu nyeupe nusu nyeusi kinaonyesha eneo la uwindaji. Majira ya kupukutika majani, Jumapili asubuhi utasikia bunduki. Vaa rangi kali na usiache njia.

Bonde la pili, Valle de Abdalajís, ni maarufu kwa kuruka na parapente, mwavuli wa kupaa angani. Anayeanza huruka amefungwa pamoja na rubani. Upepo ndio huamua siku, kwa hiyo usiipange kwa siku ya mwisho ya safari.

Hatua ya 9: Kupanda miamba, kama ndilo lililokuleta

El Chorro hujulikana na wapanda miamba wa dunia nzima, na msimu wao ni Oktoba hadi Aprili. Mawe ni ya chokaa, njia zimewekwa bolti, madaraja ya ugumu ni ya Kifaransa. Kamba ya mita 70 ndiyo ya kuja nayo. Kama hujawahi kupanda, lipa mwalimu kwa nusu siku na atakuja na vifaa. Usijifunze kwa rafiki aliyejifunza kwa video.

Hatua ya 10: Kula bila kuhangaika

Asubuhi agiza mkate wa kuchoma wenye nyanya iliyosagwa na mafuta ya zeituni. Mafuta hayo yametoka kwenye vilima unavyoviona, na kifungua kinywa hiki ni cha bei ndogo kuliko chochote utakachokula pwani.

Mchana jikoni huwaka kuanzia saa saba na nusu hadi saa kumi. Usiku, kuanzia saa mbili na nusu. Maduka mengi nayo hufungwa mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Nunua maji na matunda asubuhi.

Kula sopas perotas walau mara moja. Ni mkate mkavu uliolowekwa na kupondwa pamoja na nyanya, pilipili hoho, kitunguu, kitunguu saumu na viazi. Uzito wake uko karibu na mseto kuliko supu. Pembeni huletewa zeituni, na mara nyingi machungwa. Zeituni hizo za aloreña hupasuliwa zikiwa mbichi na kulowekwa kwenye maji ya chumvi na viungo, na tangu 2009 jina lake linalindwa kisheria kama zao la eneo hili.

Kwa asiyekula nguruwe: jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, hunyunyizwa juu ya vitu usivyovitarajia, kama porra, ile supu nzito baridi ya nyanya, saladi, hata mboga za kukaanga. Sema "no como cerdo" (sili nguruwe) unapoagiza, si chakula kikishafika. Maharage na dengu hupikwa na soseji ya chorizo. Asubuhi, kile kipakaza chekundu kwenye bakuli, zurrapa au manteca colorá, ni mafuta na nyama ya nguruwe. Biskuti za mantecados nazo zina mafuta hayo. Salama zako ni samaki, mayai, kimanda cha viazi na sopas perotas, ila uliza hata hizo zimepikwaje. Nyama ya halali tafuta Málaga mjini, uje nayo.

Mambo yakikwama

*Tiketi za Caminito zimeisha.* Angalia tovuti rasmi kila asubuhi na usiku, kuna wanaoghairi. Jaribu zile zenye kiongozi, na katikati ya wiki. Ukikosa kabisa, nenda El Chorro upande wa kutokea: daraja na sehemu ya njia huonekana kutoka chini bila tiketi.

*Imefungwa kwa upepo au mvua.* Hutokea, na taarifa huja kwa barua pepe uliyoandika wakati wa kununua. Andika anuani unayoisoma. Siku hiyo nenda ngomeni au kwenye kituo cha wageni Ardales.

*Umeshikwa na woga wa kimo.* Amua kabla ya kibanda, kwa sababu njia ni ya upande mmoja. Ukishikwa ukiwa ndani, tembea upande wa ukuta, shika kamba ya chuma, tazama kisogo cha aliye mbele yako. Walinzi wako njiani, wamezoea, waambie. Darajani subiri wengine wapite kwanza ili lisitikisike sana.

*Mtu amelegea kwa joto.* Kivulini, maji kidogokidogo, nguo ilowanishwe shingoni na kwapani. Akianza kuongea yasiyoeleweka au akiacha kutoka jasho, piga 112, namba ya dharura ya nchi nzima, haitozi.

*Mbwa wa shamba anakuja.* Usikimbie. Simama, usimkazie macho, rudi nyuma taratibu. Huwa anatetea mbuzi wake tu, na ukitoka kwenye eneo lake anaacha.

*Viwavi vinatembea kwa foleni chini ya misonobari.* Mwisho wa baridi na mwanzo wa masika. Usiviguse wala kuvisogeza kwa kijiti, nywele zake huwasha vikali na zinaweza kudhuru macho. Mzuie mtoto. Ukiwashwa, osha kwa maji mengi bila kusugua, kisha nenda duka la dawa, lile lenye msalaba wa kijani.

*Umekosa treni ya mwisho ya El Chorro.* Mkahawa wa stesheni au nyumba yoyote ya wageni pale itakuitia teksi ya Álora. Ukiwa wengi, ulizeni wenzenu mlioshuka nao. Karibu kila mara kuna mwenye gari anayeteremka upande uleule.